Jibu la Swali la Saba

Bibi Zamda wa Kwamsisi hakuwa mtu wa kushindwa na swali. Shule aliishia darasa la nne, na mwenyewe alikuwa akieleza kwamba waliobakishwa mpaka la saba walikuwa wazito wa kuelewa. Karani wa sensa alipomuuliza ana umri gani, alimwambia amtazame magoti akadirie. Shehe alipomuuliza kwa nini anacheka msibani, alijibu kwamba wanaolia wako wengi, na kazi lazima zigawanywe.

Kucheka msibani ilikuwa kazi yake kweli. Ukoo wake una utani na nusu ya koo za pale kijijini, na mtani hakai mkekani akajikunyata kama mfiwa. Akifa mtani wake, Zamda alivaa koti la marehemu, akashika fimbo yake, akachechemea kama yeye kuzunguka uwanja mzima, akiwaamrisha wachimbaji wapanue kaburi, "maana mnanijua, nikilala napenda kujigeuza." Mjane alicheka huku machozi yanamtiririka, na watu wakasema afadhali, sasa amepumua.

Kwa hiyo Shamimu alipofika Kwamsisi na fomu yake ya maswali ishirini na mbili, hakuna aliyetegemea kwamba bibi atakwama popote.

Shamimu ni mjukuu wa Zamda kwa binti yake. Anasoma shahada ya pili, na kwa mwaka huo alikuwa amewekwa kwenye maabara moja mjini Korogwe, anashinda mbele ya kompyuta kuanzia asubuhi mpaka macho yawe mekundu. Alikuja na fomu, vichupa vya kutilia damu, na muuguzi wa kuitoa hiyo damu. Habari yenyewe ilikuwa kwamba mjukuu mwingine wa Zamda, Adamu, mtoto wa miaka tisa, alianguka ghafla na kufa miaka miwili nyuma, hana homa wala kidonda. Watu walisema upepo mbaya. Shamimu, tangu aliposoma darasani habari za moyo, alianza kusema pengine si upepo. Na kwa kuwa Adamu aliacha mdogo wake, Maryamu, mwenye miaka sita, Shamimu hakulala. Alimpeleka mtoto kupimwa moyo. Majibu yakatoka ya katikati, si mabaya wala si mazuri, wakampa vidonge vya tahadhari na kusema mengine yasubiri damu ya ukoo.

"Mke mwenza," Shamimu alisema, kwa sababu bibi na mjukuu wa kike ni wake wenza, wanagombea mume mmoja ambaye ni babu, hata kama babu mwenyewe yuko kaburini. "Tumefika swali la saba. Adamu alikuwa anafanya nini muda mfupi kabla ya kuanguka?"

Zamda alikuwa anapeta choroko. Ungo ulisimama.

"Alikuwa anakimbia," akasema.

"Anakimbia kwenda wapi?"

"Katoka shule. Wewe ulipokuwa mtoto ukitoka shule ulikuwa unatembea?"

Shamimu akacheka, akaandika. Swali la nane likauliza kama kuna ndugu mwingine katika ukoo aliyewahi kuzimia au kufa ghafla. Zamda akasema kwao watu wanakufa taratibu, kwa kujivuta, mpaka warithi wanachoka. Hilo nalo likaandikwa, kwa maneno mafupi zaidi. Ungo ukaendelea.

Hakukuwa na mtu wa kumbishia. Mchana ule Adamu alipoanguka, Mdoe, mwanawe, na mkewe Mama Adamu walikuwa shambani wanavuna ufuta. Waliitwa na jirani, wakakuta mtoto amelazwa kwenye mkeka, amefunikwa kanga.

Ilipita miezi mitano. Mahindi yakawa ya kuchoma, na nguruwe pori wakajua hilo kabla ya watu. Ndipo Shamimu alipopiga simu: majibu yametoka, waje Korogwe. Mdoe alibaki kulinda shamba. Zamda, Mama Adamu na Maryamu walipanda basi, na Zamda alimwambia konda kwamba mtoto huyu ni mzigo wake wa mkononi, hivyo hana nauli, na konda alipokataa akamwambia basi ampakate yeye bibi, mtoto akae peke yake.

Shamimu anapanga chumba Kilole. Aliwanywesha chai, kisha akawapeleka ofisini kwake, chumba chembamba chenye feni na meza mbili. Maryamu alipewa kalamu na karatasi akakaa chini kuchora ng'ombe wa Kimasai wanaopita kwao. Shamimu akatandaza mezani karatasi ndefu iliyojaa herufi kubwa, mistari juu ya mistari, bila nafasi wala nukta.

"Aliyeandika hii barua alikuwa na haraka," Zamda akasema.

"Ngoja, bibi. Mwili umejengwa kwa vyumba vidogo sana. Kila chumba kina utando, ndio ukuta wake, na kwenye ukuta kuna milango. Mlango ni protini, uzi mmoja mrefu, unaingia ukutani na kutoka, unaingia na kutoka, mara sita, kama sindano inavyopita kwenye nguo. Moyo ukishapiga, milango hii inafunguka, chumvi fulani inatoka nje, moyo unatulia na kujiandaa kupiga tena. Mlango ukiwa na kasoro, moyo unachelewa kutulia. Na siku moja unachanganyikiwa kabisa."

Mama Adamu alikuwa amekunja mikono kifuani. "Na hizi herufi?"

"Herufi ndizo uzi wenyewe, kila moja ni kipande kimoja. Mstari wa juu ni mlango wa binadamu. Unaofuata ni wa ng'ombe, halafu panya, kuku, samaki."

"Samaki gani?" akauliza Zamda.

"Samaki mdogo tu, bibi, wa maabara."

"Nimeuliza kama analiwa."

"Haliwi. Sasa soma hapa mwanzoni, kwa kidole, kutoka juu kwenda chini."

Zamda akasoma. Darasa la nne lilikuwa limemwachia herufi zote, hata kama lilimnyima mambo mengine. Mwanzoni mwa uzi kila mnyama alikuwa na lake: binadamu ana P, ng'ombe ana S, samaki hana kitu, pameachwa wazi. Lakini Shamimu alipomsogezea kidole katikati, herufi zikaanza kufanana. Juu G, chini G, chini yake G, mpaka kwa samaki asiyeliwa. Inayofuata hivyo hivyo. Na inayofuata.

"Wote sawa," akasema.

"Wote sawa. Sisi na samaki tumeachana zamani mno, lakini hapa hakuna aliyethubutu kubadilisha. Hapa ndipo mlango wenyewe unapofungukia. Anayezaliwa amebadilika hapa mara nyingi hadumu. Kazi yangu ni kutafuta sehemu kama hizi, zilizohifadhiwa, kwenye kila protini inayopita kwenye utando, halafu nitazame kama kosa la mtu limeangukia ndani yake au nje."

Zamda akafikiri kidogo. "Ni kama kanga. Rangi zitabadilika, maua yatabadilika, maneno ndiyo usiseme, kila mwezi mapya. Pindo lipo pale pale. Ukiliondoa pindo huna kanga, una kitambaa cha kushonea mto."

Shamimu alivua miwani. "Mimi nimesoma miaka mitano ili niweze kulieleza hilo."

"Ungekuja kwangu. Ningekufundisha asubuhi moja, na ungerudi na choroko."

Mama Adamu akatabasamu. Zamda aliliona lile tabasamu na akalifurahia, maana tangu msiba lilikuwa linamtoka kwa kuhesabika, na kila lilipotoka Zamda alijipa sifa yeye.

"Basi tuseme pindo," Shamimu akaendelea. "Kila mtu ana makosa ya herufi, mimi ninayo, mnayo. Mengi yako kwenye maua, hayana neno. Kwenu nimekuta mawili yaliyo kwenye pindo. Yako kwenye milango miwili tofauti ya moyo. La kwanza analo Mama Adamu. La pili analo bibi, na mjomba Mdoe amelirithi. Mimi nilijipima, sina."

Sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa ya ofisini.

"Mlango wa kwanza ukiwa na kasoro, moyo unazidiwa mtu anapokimbia au kuogelea. Mlango wa pili unazidiwa kwa kushtuka: kishindo, kengele, sauti ya ghafla. Damu ya Adamu hatunayo. Tuna swali la saba tu. Na Adamu alikuwa anakimbia."

Feni ilizunguka. Maryamu aliuliza ng'ombe ana kwato ngapi kila mguu, hakujibiwa.

"Kwa hiyo ni la kwangu," Mama Adamu akasema.

"Hakuna anayechagua cha kumrithisha mtoto..."

"Shamimu. Nimeuliza kama ni la kwangu."

"Kwa maelezo tuliyonayo, ndiyo." Halafu haraka, kama mtu anayemimina maji juu ya moto, akaongeza: "Lakini Maryamu hana lile lako. Hilo ndilo nililowaitia. Ana lile la bibi, na lile la bibi hatuna ushahidi nalo. Liko mahali pa kutia shaka, ila shaka si ushahidi. Kwa maelezo ya bibi, ukoo wake wote hakuna aliyewahi kuanguka, na yeye mwenyewe ana miaka sabini na yuko hapa anatuchekesha. Daktari Fransisko, mkubwa wangu, anasema nikikamilisha karatasi kesho, Maryamu aache vidonge. Vinamlaza darasani bure."

Zamda alitazama kidole chake. Kilikuwa bado kimekaa kwenye herufi.

Jioni ile, jua halijazama, Mama Adamu alimkuta Zamda uani kwa Shamimu, ameketi kwenye kigoda. Alipiga magoti mbele yake. Hakuwa mwanamke wa kupiga magoti ovyo. Alikuwa mtoto wa manamba wa Ngombezi, amekulia kwenye nyumba za mstari za shamba la mkonge, ana mikono ya kazi na ulimi wa kujitetea.

"Mama," akasema, "nisamehe. Nimeleta mauti nyumbani kwako na nilikuwa sijui. Kumbe miaka miwili nawatazama watu nikiwaza nani kamfanyia mwanangu, na ni mimi niliyekuwa nayo mwilini."

Hapo palikuwa na nafasi. Zamda angeweza kusema. Mdomo uliokuwa haujawahi kukosa neno ulifunguka, na neno lililotoka lilikuwa hili:

"Nimekusamehe, mwanangu. Inuka."

Mama Adamu akainuka, akafuta magoti, akaenda kuosha vyombo. Zamda alibaki kwenye kigoda.

Sasa hiki ndicho alichokuwa anakijua yeye peke yake.

Adamu alikuwa mume wake. Mjukuu wa kiume kwa bibi ndivyo alivyo, na wale wawili waliuchukua utani huo wakaukuza mpaka majirani wakawa wanakuja kuutazama. Adamu alikuwa akirudi shule anadai chakula kwa sauti nzito ya mume mkorofi. Zamda anamjibu kwamba mume asiyeleta kuni hana ubwabwa. Na mchezo wao mkubwa ulikuwa wa kifo. Mtoto alikuwa amemwona bibi yake misibani, akaupenda ule mchezo wa kuigiza marehemu. Akawa anajiangusha popote, jikoni, njiani, ulimi nje, na Zamda anaanza kumlilia kilio cha utani: mume wangu umeniacha na nani, ulikuwa hujui kuoga, ulikuwa unakula kama mchwa, rudisheni mahari nikaolewe na mwenye meno yote. Adamu alivumilia mpaka kwenye mahari. Hapo kicheko kilimpasua, anafufuka, mchezo umekwisha.

Siku ile Zamda alimsikia mtoto anakuja. Hakuwa anakimbia. Alikuwa anatembea, anaimba hesabu ya mbili mara mbili. Zamda alijibanza nyuma ya mlango wa jikoni na mfuniko wa sufuria mkono mmoja na mwiko mkono mwingine. Mtoto alipovuka kizingiti Zamda akaupiga, kwa nguvu zake zote, karibu na sikio.

Adamu alimgeukia, macho yamemtoka, akaanguka.

Na Zamda akaanza kumlilia. Mume wangu umeniacha na nani. Alilia kilio chote, kwa madaha, akizunguka na mwiko begani kama bunduki. Alifika kwenye kuoga, akafika kwenye mchwa. Akafika kwenye mahari, akangoja kicheko. Akasema, leo umejifunza kuvumilia, akarudia mahari. Kisha akamtekenya mguuni.

Asubuhi Shamimu alipokuwa anafunga mtandio kwenda kazini, Zamda alimwambia anakwenda naye. Ofisini, Shamimu alikaa, akawasha kompyuta, na Zamda akabaki amesimama kama mwanafunzi aliyeitwa.

"Mke mwenza, lile langu," akasema. "Lile la kishindo. Mtu akiwa nalo, mwingine halimfanyi kitu, mwingine linamuua?"

"Inatokea. Ndani ya nyumba moja hata. Kwa nini?"

"Siku naolewa walipiga baruti. Nikazimia. Wanawake wakashangilia, wakasema bibi harusi ana haya. Mimi na haya, wapi na wapi." Hakuna aliyecheka. "Na dada yangu Mwanaidi alikufa jikoni. Sinia lilidondoka sakafuni. Alikuwa na miaka kumi na mitatu."

Shamimu aliacha kuandika. "Bibi. Nilikuuliza. Swali la nane."

"Uliniuliza."

"Kwa nini hukusema?"

"Kwa sababu ningesema la nane ungerudi la saba."

Akamweleza. Alieleza taratibu, bila kupamba, na ilikuwa mara ya kwanza kwa Shamimu kumsikia bibi yake akisimulia kitu kwa sauti isiyopanda wala kushuka. Alipofika kwenye kutekenya mguu, Shamimu alikuwa ameziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

Kisha Shamimu akavuta fomu kutoka kwenye jalada.

"Ungenyamaza," akasema, "leo saa nne ningesaini Maryamu aache vidonge. Kwa kalamu hii. Halafu siku moja shuleni kwao wangegonga kengele ya mapumziko, yuko karibu nayo." Akafuta macho kwa mtandio. "Jana usiku nililala nimefurahi, bibi. Unajua?"

"Najua. Nilikusikia unakoroma."

Hata yeye mwenyewe alijuta mara tu lilipotoka. Lilikuwa limetoka lenyewe, kama kikohozi.

Shamimu hakuinua uso. Alikata mstari mmoja juu ya neno *anakimbia*, akaandika mengine pembeni, akaweka tarehe na sahihi. Kisha akasema, "Hii sehemu yangu nimemaliza. Mama Adamu siwezi kumwambia mimi. Hiyo ni ya kwako."

Mama Adamu alikuwa uani kwa mwenye nyumba, anamsuka Maryamu. Zamda alimwambia mtoto aende kwa jirani akaangalie bata. Mtoto akaondoka na nusu ya kichwa kimesukwa.

Zamda hakupiga magoti. Alihisi akipiga magoti atakuwa anaigiza tena. Alisema akiwa amesimama, mikono imening'inia, kuanzia kwenye mfuniko mpaka mwisho, na akaongeza lile ambalo Shamimu alimwagiza aongeze: lililomuua Adamu halikutoka kwako, limetoka kwangu, na Maryamu analo.

Mama Adamu alikuwa bado ameshika kitana. Alikaa nacho hivyo.

"Ulimlilia muda gani?" akauliza.

"Kile cha utani?"

"Kile cha utani."

"Mpaka mwisho. Na mahari nikarudia."

"Na alikuwa amekufa tayari, au alikuwa anakufa?"

"Sijui, mwanangu. Sikumtazama kwa macho hayo."

Mama Adamu akatikisa kichwa polepole kama mtu anayekubaliana na jambo. "Kwa hiyo jana nilipiga magoti."

"Ulipiga."

"Ukasema umenisamehe."

"Nilisema."

Hakulia. Aliingia ndani akaanza kufunga nguo kwenye kanga, zake na za mtoto. Shamimu aliporudi mchana alimkuta ameketi juu ya furushi.

"Nakwenda kwa baba yangu, Ngombezi," Mama Adamu akasema. "Mdoe atanifuata akitaka. Kwenye ua ule sirudi."

Shamimu alisimama mlangoni, ameshika funguo. Alionekana kama mtu anayetamani jambo analolijua angekuwa halijui.

"Ngombezi kuna king'ora," akasema. "Cha kiwandani. Asubuhi, mchana na jioni. Nyumba za baba yako ziko chini yake. Pikipiki nazo, na mitambo."

Mama Adamu akamtazama.

"Kwamsisi ndiko kimya," Shamimu akasema. "Pole, mama. Hakuna kwenu kwingine kwenye kimya kama kile."

Mama Adamu alikaa juu ya furushi lake mpaka Maryamu alipokuja kusema ana njaa. Ndipo alipomwita, akamkalisha, akamalizia ile nusu ya kichwa.

Walirudi kwa basi lile lile. Konda alimkumbuka Zamda, akamtania kuhusu mzigo wa mkononi. Zamda akalipa nauli zote bila neno, na konda akadhani bibi wa watu anaumwa.

Mdoe aliambiwa jioni ile, shambani, pembeni ya moto wa kufukuza nguruwe. Mama yake ndiye aliyemwambia. Alisikiliza huku anachokoa muhindi uliokuwa umeungua. Mwisho akasema, "Mama, nenda kapumzike," na akageuka upande wa pori. Zamda alikwenda. Nyuma yake alisikia mwanaume wa miaka arobaini analia kwa kujiziba na mkono, asije akamshtua mtu.

Baada ya hapo nyumba ilibadilika. Mifuniko ya bati iliondoka ikaja ya plastiki, iliyojikunja kwa moto. Jogoo wawili walichinjwa, hata siku ya mgeni haikungojwa. Mdoe alikwenda shuleni kuongea na mwalimu mkuu, na kengele, ile rimu ya gari iliyoning'inizwa mtini, ikahamishiwa upande wa pili wa uwanja, na Maryamu akapewa kiti cha mbali nayo. Vidonge viliongezwa nguvu. Mdoe naye alipewa vyake. Zamda alipewa vyake pia, na alivimeza, ingawa muuguzi aliona kama anameza kwa kumridhisha mtu.

Shamimu alimwandikia ujumbe wa simu kwamba ile herufi yake sasa imeandikwa kwenye orodha ya herufi za hatari, na watu wa mbali waliokuwa na watoto wenye herufi kama ile walikuwa wameandika kuuliza. Kwamba maneno yake yamewasaidia. Zamda aliusoma kwa kidole, akausoma tena, hakujibu.

Mama Adamu hakumtukana hata mara moja. Alimpakulia chakula, akamwekea maji ya kuoga. Alikuwa tu hamwiti mama tena. Alikuwa hamwiti kitu. Na alikuwa na sharti moja, alilomwambia Mdoe amfikishie: bibi asimkaribie mtoto kwa nyuma. Aje kwa mbele, kutoka mbali, asimame mpaka mtoto amwone mwenyewe.

Ndivyo ikawa. Mwanamke aliyejua kunyata kuliko paka akawa anakuja nyumbani kwake kama mtoza kodi, wazi wazi, katikati ya njia.

Alasiri moja alikuwa anatoka kutafuta kuni, mzigo kichwani. Maryamu alikuwa uani, ameinamia karatasi zake, anapaka ng'ombe rangi kwa jani. Mama yake alikuwa karibu, anatwanga kisamvu kwa mchi uliofungwa kitambaa. Zamda alifika kwenye ukingo wa ua, upande wa mbele, akasimama.

Mtoto hakuinua uso. Alikuwa amefika kwenye pembe, na pembe zina kazi.

Zamda hakukohoa. Hakuita. Kuni zilikuwa mbichi, zilimlemea shingo, na jasho lilimshuka mpaka kwenye jicho akaliacha lishuke. Mama Adamu alimwona. Aliendelea kutwanga. Alitwanga mpaka kisamvu kikalainika, akakichota, akatia kingine. Zamda alisimama. Jua lilihama kutoka begani kwake likaja usoni.

Kisha mchi ukatulia.

"Maryamu," Mama Adamu akasema kwa sauti ndogo, kama anayemwamsha mtoto mchanga, "tazama mbele, polepole. Bibi yako amesimama."